Hesabu ya Wapagazi wa Kariakoo

Mtu atokaye Mchafukoge, akaiacha bandari nyuma yake na kuvuka viwanja vya Mnazi Mmoja, huingia Kariakoo. Mwendo wenyewe ni wa dakika chache, walakini katika zama za wakoloni ulikuwa ni mwendo wa kutoka daraja moja la watu kwenda daraja jingine. Wajerumani waliugawa mji wa Dar es Salaam kwa sheria za ujenzi: Wazungu wakae upande wa bahari, wafanyabiashara wa Kihindi wakae katikati, ambako ndiko iliko Mchafukoge, na Waafrika wakae nyuma kabisa. Waingereza walioutwaa mji huo hawakuubadili mgawo. Uwanja wa wazi ulio baina ya Wahindi na Waafrika ukabaki kuwa mpaka, ndio Mnazi Mmoja. Jina la Mchafukoge lina mzaha ndani yake, maana ukilisikiliza vema linamwamuru mtu mchafu akaoge. Jina la Kariakoo halina mzaha. Ni jina la idara ya serikali, na idara hiyo iliacha hesabu ambayo haijafungwa hata leo.

Majeshi ya Waingereza yaliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba, 1916. Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga jumba la soko katika uwanda ulio nyuma ya mji, lakini vita viliwakuta kabla soko halijaanza kazi. Waingereza wakalitwaa jumba lile pamoja na uwanja wake, wakaweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi lao. Kikosi hicho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili haukuona taabu: ukalitafuna jina lile, ukalitema Kariakoo. Nairobi nako kuna mtaa na soko liitwalo Kariokor, kwa sababu ile ile. Vita vilipokwisha wapagazi wakaondoka, jumba likawa soko kweli, na neno likabaki.

Wapagazi hao walihitajiwa kwa kuwa nchi haikuwa na barabara za kupitisha magari wakati wa masika, na wanyama wa mizigo waliuawa na ndorobo kwa maelfu. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Risasi, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, unga, dawa, mahema ya maofisa, vyote vilisafiri kichwani, na mpagazi aliyebeba unga alikula sehemu ya unga huo njiani, hivyo akahitajiwa mpagazi mwingine wa kubeba unga wa kumlisha yeye. Hesabu hii ni ya kutisha mtu akiifikiria: kadiri jeshi lilivyokwenda mbali, ndivyo watu walivyozidi kutumika kwa kuwabebea chakula watu.

Mkuu wa idara hiyo alikuwa Oscar Watkins, ofisa wa utawala aliyepewa cheo cha kijeshi. Nampa haki yake: alipigania wapagazi waandikwe, wapewe blanketi na chakula kilichopikwa vizuri, na mara kwa mara aligombana na majemadari kwa ajili hiyo. Kila mpagazi aliyesajiliwa alipewa namba, na namba hiyo ikaandikwa katika kibati alichovaa. Mshahara wa Mwafrika wa Kenya aliyechukuliwa kwa nguvu chini ya sheria ya mwaka 1915 ulikuwa kiasi cha rupia tano kwa mwezi. Sehemu kubwa ya fedha hizo haikutiwa mkononi mwake kambini. Iliandikwa tu daftarini, ili alipwe atakaporudi kwao. Kwa maneno mengine, serikali ilikuwa mdeni wa kila mpagazi tangu siku ya kwanza, na ushahidi wa deni ulikuwa ni kibati kimoja shingoni na mstari mmoja katika kitabu cha karani.

Hayo ni ya waliosajiliwa. Huku kwetu, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, watu wengi walichukuliwa vijijini jeshi lilipopita, na majeshi yote mawili yalifanya hivyo. Mtu alibebeshwa mzigo leo, akapelekwa mwendo wa wiki nzima, na hapana karani aliyemwuliza jina la baba yake. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma kuelekea kusini chini ya Lettow-Vorbeck hawakuwa hata na fedha halisi ya kuwalipa. Mwaka 1917 Waingereza walimweka John Ainsworth asimamie uchukuaji wa watu Kenya, akakusanya zaidi ya laki moja kwa miezi michache. Upande wa Nyasaland wapagazi waliitwa tengatenga, na wazee wa huko walilikumbuka neno hilo kwa uchungu miaka mingi baadaye.

Watu hao hawakuuawa hasa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, na unga wa mahindi usioiva ambao matumbo ya watu waliozoea ndizi au wali hayakuweza kuuhimili. Kumbukumbu za serikali zilikiri vifo zaidi ya 40,000. Wanahistoria waliozipekua baadaye wanaona kuwa waliokufa upande wa Waingereza peke yake walikaribia 100,000, katika jumla ya wapagazi inayokadiriwa kufika milioni moja. Tazama ukubwa wa pengo lililo baina ya tarakimu hizi mbili. Pengo hilo ni la watu wengi kuliko wakazi wote wa Dar es Salaam ya wakati ule.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka msomaji alipime. Husemwa kwamba vita ni vurugu, na hapana awezaye kuandika kila kitu porini. Ni kweli kwa kiasi. Lakini jeshi lile lile lilijua kila asubuhi ni magunia mangapi ya unga yanayotakiwa, maana bwana posho asiyejua idadi ya midomo angewalaza watu na njaa au angepoteza unga. Unga ulikuwa mali ya Hazina, nao ulitolewa hesabu. Mpagazi akitoweka, posho yake ilikatwa siku hiyo hiyo; lakini habari ya kutoweka kwake haikumfikia mkewe.

Matokeo yake yalionekana amani iliporudi. Palibaki fedha nyingi za mishahara ambayo hapana aliyekuja kuidai. Nani angeidai? Wenyewe wamekufa, na jamaa zao hawakujua namba wala kambi, wengine hawakujua kama ndugu yao amekufa. Ainsworth na Watkins walitaka fedha hizo zitumiwe kwa faida ya makabila yaliyotoa watu. Wizara ya Vita ya London ilikataa, ikashikilia kwamba mshahara usiodaiwa hudumu kuwa mali ya serikali. Maneno hayo yakavutwa Kenya hadi miaka ya 1930. Yanastahili kusomwa mara mbili: mdai hakuja kwa kuwa mdeni hakumwandika, na kwa kuwa hakuja, deni likafutika. Mwuza duka wa Mchafukoge akifanya hivyo na wateja wake, mtaa mzima utamwita mwizi.

Likaja suala la makaburi. Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita ilikuwa na kanuni kwamba kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina, bila kubagua cheo wala dini. Kwa wapagazi wa Afrika kanuni hiyo haikufuatwa. Ofisa mmoja wa tume aliandika kuwa kuwawekea mawe ya kaburi kungekuwa ni kutapanya fedha za umma. Gavana wa Tanganyika, Sir Horace Byatt, kwa habari zilizoandikwa na tume yenyewe, aliona afadhali makaburi makubwa ya wapagazi ya Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi porini upesi, wala hakupenda kuzitazama takwimu za Waafrika waliopotea. Basi yakaachwa.

Wala isidhaniwe kuwa Byatt aliongoza serikali isiyopenda kuhesabu. Mwaka 1922, katika utawala wake, ilitungwa sheria ya kodi ya kibanda na kichwa, na kwa ajili hiyo vibanda vya Tanganyika vilihesabiwa kijiji kwa kijiji, na majina ya wenye vibanda yakaandikwa. Kenya nayo ilianza, tangu miaka ya 1919 na 1920, kumwandikia kipande kila mwanamume Mwafrika mzima, akivae shingoni ndani ya kikopo cha bati, ili asitoroke kwa mwajiri wake. Hivyo kalamu ilikuwapo, karatasi ilikuwapo, na makarani walikuwapo. Mwafrika aliandikwa alipokuwa mdaiwa. Alipokuwa mdai, wino ulikwisha.

Mnamo 1927 likasimamishwa sanamu la askari katika njia panda ya barabara ambayo sasa ni ya Samora, mahali palipokuwa na sanamu la Mjerumani Wissmann. Wapitao hulijua: askari ameinama kidogo na bunduki yake yenye singe. Wapagazi wametajwa chini, katika maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Wametajwa kwa jumla. Hata upande wa Wajerumani tofauti ilikuwa hiyo hiyo: mwaka 1964 Bunge la Ujerumani ya Magharibi lilipokubali kuwalipa wazee waliosalia, fungu hilo lilikuwa la askari. Askari alikuwa na kombania na ofisa wa kumshuhudia. Mpagazi alikuwa na mzigo tu, na mzigo hautoi ushahidi.

Baada ya Uhuru swali liligeuka sura. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 143, inamtaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu azikague hesabu za Serikali walau mara moja kila mwaka. Taarifa yake humfikia Rais, naye huagiza ipelekwe Bungeni. Na Rais asipofanya hivyo, mkaguzi mwenyewe huipeleka kwa Spika. Ni kifungu kizuri. Kinachukulia kwamba mwenye mamlaka anaweza kutopenda kuzitazama takwimu, na kinamwekea njia ya kumpita.

Lakini ugonjwa mpya ulikuwa ni kinyume cha ule wa kale. Mwaka 1917 walikuwapo watu wasio na majina. Karne moja baadaye yalikuwapo majina yasiyo na watu. Machi 2016 Rais John Magufuli aliwapa wakuu wa mikoa siku kumi na tano wawatafute watumishi hewa, yaani wale waliolipwa mishahara ilhali wamekufa, wameacha kazi, au hawakuwako kabisa. Shinyanga ilijibu kwamba haina hata mmoja. Palipochunguzwa zaidi walionekana 45, na Aprili mwaka huo mkuu wa mkoa akaondolewa kazini. Nchi nzima walipatikana zaidi ya 10,000. Mwaka 2017 ukafuata uhakiki wa vyeti, na watumishi 9,932 wakaonekana kuwa na vyeti vya kughushi. Kazi hiyo ilikuwa ya haki, ingawa siku kumi na tano ni chache kwa kulipekua daftari la mkoa, na haraka ya namna hiyo ndiyo iwafanyayo wakubwa kuandika sifuri.

Kisha yakatokea mambo yasiyolingana na juhudi hiyo. Septemba 2018 Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilirekebishwa, ikawa ni kosa la jinai kutangaza takwimu zinazopingana na za Serikali; rekebisho la Juni 2019 likaiondoa jinai hiyo. Katika mwaka huo huo wa 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na Mkaguzi Mkuu, Profesa Mussa Assad, kwa kuwa alisema kuna udhaifu katika kuzifuatia taarifa zake, na Novemba nafasi yake ikatolewa kwa mwingine. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuondolewa kwake kulivunja Katiba. Alikuwa amekwisha kutoka ofisini miaka mitatu.

Aprili 2021 tume ile ya makaburi, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa taarifa na kuomba radhi. Ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza naye aliomba radhi Bungeni. Januari 2025 yakafunguliwa Cape Town makumbusho yenye majina ya Waafrika zaidi ya 1,700 waliotumika bila silaha, kwa kuwa majina yao yalionekana katika vitabu. Wa Kariakoo hawawezi kupewa heshima hiyo kwa wepesi, kwa maana mengi ya majina yao hayakuandikwa popote.

Jumba la soko la Wajerumani halipo tena. Mahali pake palijengwa soko lililochorwa na msanifu Beda Amuli, likafunguliwa 1975. Soko hilo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai, 2021. Mwaka 2024, lilipokaribia kufunguliwa tena, baadhi ya wafanyabiashara waliokuwamo kabla ya moto walikwenda kulalamika kwamba orodha ya wanaorejea imebandikwa, nao wameisoma toka juu hata chini, na majina yao hawakuyaona.