Silaha za Mungu na Soko la Kinga: Kuisoma Upya Waefeso 6

Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walifariki katika mkanyagano wa waumini waliokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Upana wa milango na idadi ya walinzi ni masuala ya vyombo vya usalama. Kwa wanateolojia kuna swali jingine: ni fundisho gani linalomwaminisha Mkristo kwamba kinga ya Mungu imemwagwa chini, na kwamba asiyewahi ataikosa?

Makala haya yanatetea hoja kwamba, katika Agano Jipya, ulinzi wa Mungu hauhifadhiwi ndani ya kitu wala haugawiwi na mtu. Ni uwezo anaopewa muumini wa kudumu katika kweli na haki, hata pale mwili wake unapodhurika.

Waefeso 6 ndiyo nguzo ya mahubiri mengi ya vita vya kiroho, lakini dirii na chapeo zinazotajwa humo zina asili ya kale zaidi. Katika Isaya 59 anayezivaa ni Mungu mwenyewe, baada ya kuona kwamba kweli imetoweka na hakuna hukumu ya haki. Kwa hiyo kuvaa silaha hizo ni kushiriki kazi yake dhidi ya dhuluma. Hakimu anayekula rushwa asubuhi kisha akakemea mapepo usiku kucha ameshaivua dirii. Amri ya kuvaa silaha imetolewa katika nafsi ya wingi, kwa kanisa zima. Ngao inayotajwa ni ile ndefu ya askari wa Kirumi, ya mbao zilizofunikwa kwa ngozi. Safu ilipokaza, ngao ya mmoja ilimsitiri na jirani yake. Ndiyo maana orodha ya silaha hizo inafuatwa mara moja na agizo la kuwaombea watakatifu wote, na mwandishi anayetoa agizo hilo amefungwa minyororo.

Efeso pia ni mji ambamo, kwa mujibu wa Matendo 19, waamini waliteketeza vitabu vya uganga vyenye thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Katika sura hiyohiyo wana saba wa Skewa wanalitumia jina la Yesu kama kago, wanapigwa na kutimka uchi. Jina takatifu likitamkwa kiganga, halimkingi mtamkaji. Hata Zaburi 91, inayobandikwa milangoni na kwenye magari, katika Mathayo 4 inanukuliwa na Ibilisi, akimshawishi Yesu ajirushe ili aone kama malaika watamdaka. Yesu anakataa kuigeuza ahadi kuwa jaribio.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii ni ya wasomi wasiojua hofu ya kurogwa. Pingamizi hilo lina uzito. Makanisa yaliyopuuza hofu hiyo yaliwaacha waumini wakiimba kanisani mchana na kubisha hodi kwa mganga usiku. Lakini kumpa mtu mwenye hofu chupa ya mafuta ni kumbadilishia mganga tu. Hofu inabaki, na kesho atahitaji chupa nyingine.

Historia yetu ina kielelezo tofauti. Katika vita vya Mau Mau nchini Kenya, vilivyoanza 1952, Wakristo wengi wa vuguvugu la Uamsho miongoni mwa Wakikuyu walikataa kiapo cha wapiganaji, na baadhi yao wakakataa pia kushika bunduki za serikali. Wengine waliuawa. Kwa kipimo cha soko la kinga, Mungu aliwatupa. Kwa kipimo cha Waefeso 6, hao ndio waliosimama, maana adui hakufaulu kuwafanya wachukie wala waue.

Basi huduma yoyote ya maombezi na ipimwe kwa matunda yake. Ikimwachia mtu ujasiri wa kusema kweli, kurudisha alichodhulumu na kumwombea jirani anayemshuku, imemvika silaha. Ikimfanya amtegemee mtumishi na bidhaa zake, imempokonya.