Sauti ya Siti
Mwaka 1987 wanawake waliokuwa wakifanya kazi ya habari mjini Dar es Salaam waliunda Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, kijulikanacho kwa kifupi kama TAMWA. Mwaka uliofuata walitoa jarida, wakaliita Sauti ya Siti. Jina hilo halikuokotwa njiani.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika ukoo wa watumwa, akakua akiuza vyungu. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Siti, yaani bibi wa heshima, alipewa ukubwani. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, sauti yake ikatiwa katika santuri. Miongoni mwa nyimbo zake umo ule wa Kijiti, mwanamume aliyemwua mwanamke mgeni. Wanawake wenyeji wa marehemu walikwenda barazani kushuhudia. Muuaji akatoroka, na wao ndio waliotiwa hatiani kwa kununua pombe. Baraza lilikwisha toa neno lake. Wimbo ulikaa vinywani mwa watu kupita hukumu.

Urithi huo ndio walioushika wanahabari. Magazetini habari za mwanamke zilikuwa aghalabu mapishi na mavazi. Kipigo kilihesabiwa siri ya nyumba, na kunajisiwa aibu ya aliyenajisiwa. Mwaka 1990 mwanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijiua baada ya kuandamwa na wanafunzi wa kiume. Chama kikalifanya jambo hilo neno la hadharani. Lakini msomaji aweza kulia, kisha akalikunja gazeti. Kwa hiyo walifungua mahali pa kupokea walalamikaji na kuwapa mashauri ya sheria, wakawaendea na wabunge.

Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Abakaye aliwekewa kifungo kisichopungua miaka 30, na kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kukawa kosa la jinai. Ila sheria hiyo hiyo ilimwacha nje binti wa miaka 15 aliyekwisha kuwa mke wa mtu, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu aolewe. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliishtaki ruhusa hiyo, akashinda katika Mahakama Kuu mwaka 2016. Serikali ikakata rufani, ikashindwa mwaka 2019. Mahakama iliamuru sheria irekebishwe, na kazi ya kuirekebisha ikarudi Bungeni.