Mpiga kodiani aliyekataa kukatwa mikono

Najua nimepotea. Majaribio yamekwisha juzi, bumu bado halijaingia, kwa hiyo jioni nakaa kimbwetani nasoma mambo ambayo hayamo kwenye desa lolote.

Leo nawaletea kisa cha mpiga kodiani. Ndiyo, kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma mnachokiona kwenye taarab. Ila huyu ni Mmarekani, Frankie Yankovic.

Alizaliwa mwaka 1915 huko West Virginia, akakulia Cleveland, Ohio, mtaa wa Collinwood. Wazazi wake walikuwa wahamiaji toka Slovenia. Nyumbani kwao walipanga vibarua Waslovenia, na mpangaji mmoja ndiye aliyemfundisha kodiani ya vitufe. Kijana akanogewa, akataka kodiani kubwa ya piano. Baba akagoma, hakuona faida ya muziki. Mama je? Akamnunulia kimyakimya! Dogo akawa anafanyia mazoezi kwa dada yake, kisha Krismasi akamshtukiza mzee kwa nyimbo za kwao. Mzee akalainika.

Lakini jamani, hakuishi kwa ndoto tu. Mwaka 1941 alifungua baa yake hapohapo Collinwood, muziki ukaenda sambamba na biashara.

Mwaka 1943 akaingia jeshini. Kwenye Vita vya Bulge, Ulaya, baridi ikamgandisha mikono na miguu. Madaktari wakataka kuikata. Akakataa! Hebu fikiria, mtu anaambiwa achague kati ya uhai na vidole, yeye anashika vidole. Bahati ikawa upande wake, akapona, na kodiani ikawa sehemu ya mazoezi ya kuvirudisha vile vidole kazini.

Alivyorudi, mwaka 1946 akasaini na kampuni ya Columbia. Hapa ndipo ninapompendea. Polka wakati ule ilikuwa muziki wa kila kabila kivyake: Waslovenia kwao, Wapoland kwao, Wajerumani kwao. Yankovic akaacha matarumbeta, akabaki na kodiani mbili, banjo, piano na besi, akaimba kwa Kiingereza. Mdundo wa Kislovenia ukabaki palepale, ila sasa jirani naye akaelewa anachochezea.

Tarehe 31 Desemba 1947, siku moja kabla ya mgomo wa wanamuziki kurekodi, akaing'ang'ania "Just Because". Kampuni haikuitaka. Inasimuliwa kwamba aliahidi kununua nakala 10,000 kwa pesa yake. Ikauza zaidi ya milioni moja! "Blue Skirt Waltz" ya 1949 nayo ikavuka milioni. Mwaka 1948 alitawazwa mfalme wa polka Milwaukee, na mwaka 1986 akachukua tuzo ya kwanza kabisa ya Grammy ya polka. (Kipengele hicho kilifutwa mwaka 2009.) Akafariki Oktoba 1998, Florida, akiwa na miaka 83.

Gharama ilikuwepo pia. Karibu mwaka mzima alikuwa barabarani, na ndoa zake mbili zilivunjika. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba ukipenda kitu basi kila kitu kinanyooka.

Kwa nini nimeandika haya? Kwa sababu likizo iliyopita mzee wangu aliliona gitaa langu akauliza, "Hilo nalo litakupa shahada?" Nikakaa kimya, sikuwa na jibu. Bado sina. Ila nimegundua Yankovic hakumjibu baba yake kwa maneno. Alifanya mazoezi kwa siri, akapiga wimbo ambao baba aliupenda.

Basi mwezi Desemba nikienda nyumbani nitakuwa nimeshika nyimbo mbili za zamani anazozipenda mzee. Akilainika, nitawaambia. Akinifukuza na gitaa langu, nitawaambia pia, ila mjiandae kunipa pa kulala!

Ngoja nikapange foleni ya ugali. Tuonane.