Nyoka wa Kivuli na Watu Waliohesabu

Kila Machi, karibu na tarehe 20, maelfu ya watu humiminika Chichén Itzá, katika jimbo la Yucatán nchini Meksiko, kumtazama nyoka aliyeumbwa na kivuli. Jua likianza kushuka jioni, pembe ya piramidi iitwayo El Castillo hutupa kivuli chenye meno kwenye ukingo wa ngazi za kaskazini. Katikati ya meno hayo hubaki pembetatu saba za mwangaza, moja chini ya nyingine, mpaka kwenye kichwa cha nyoka kilichochongwa kwa jiwe pale chini. Jua likizidi kusogea, utaapa kwamba nyoka anateremka. Huyo ni Kukulkán, mungu nyoka mwenye manyoya.

Nilikuwa kwenye umati huo. Saa kumi jioni, joto bado kali, watu waliovaa nguo nyeupe walikuwa wameinua mikono wakisubiri nguvu za jua ziwaingie. Wengine walikuwa wameinua simu. Nyuma yangu bwana mmoja alikuwa akieleza kwa kujiamini kabisa kwamba Wamaya walifundishwa na wageni kutoka sayari nyingine. Mzee aliyetuongoza, Mmaya wa kijiji cha karibu, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akasema kwa upole, "Babu zangu walijua kuhesabu."

Sentensi hiyo imenikaa kuliko nyoka mwenyewe.

Tuanze basi na hesabu. El Castillo ina pande nne, na kila upande ulikuwa na ngazi 91. Zidisha, uongeze jukwaa la juu, unapata 365. Hatua chache kutoka hapo kuna jengo la mviringo, El Caracol, ambalo madirisha yake yanaelekea pale Zuhura inapofika mwisho wa safari yake kwenye upeo wa macho. Katika kitabu cha Wamaya kinachohifadhiwa Dresden, Ujerumani, kuna majedwali ya nyota hiyo: mzunguko wa siku 584, unaorudiwa mara tano. Toa simu yako uzidishe. Ni siku 2,920, yaani miaka minane kamili ya siku 365. Hakuna muujiza hapo. Kuna watu waliokaa usiku baada ya usiku, kizazi baada ya kizazi, wakiangalia na kuandika.

Sasa, kwa nini ni rahisi kuamini wageni wa angani kuliko kuamini watu hao? Sehemu ya jibu ni moto. Mwaka 1562, katika mji wa Maní, mtawa Mhispania Diego de Landa aliagiza vitabu vya Wamaya vichomwe kama kazi ya shetani. Leo wataalamu wanatambua vinne tu vilivyosalia vya kabla ya Wahispania, na vitatu kati yake viko Ulaya, vikiitwa kwa majina ya miji ya huko. Ukishachoma daftari la mtu, ni rahisi kusema hakusoma.

Kisha ukaja uporaji wa polepole. Mwaka 1894 Edward Thompson, aliyekuwa konseli wa Marekani, alinunua shamba lenye magofu haya ndani yake. Kuanzia 1904 alichimbua kisima kitakatifu cha Chichén Itzá na kupeleka dhahabu na vito vya jade kwenye jumba la makumbusho la Peabody, Harvard. Baadhi vimerudishwa. Ardhi yenyewe ya piramidi ilibaki mali ya watu binafsi mpaka 2010, serikali ya jimbo ilipoinunua.

Na nyoka je? Hapa tuwe wakweli. Kivuli hicho hakionekani siku moja tu. Kinaonekana siku kadhaa kabla na baada. Kingo zinazokitupa zilijengwa upya na wanaakiolojia karne iliyopita, na umaarufu wake ulienea katika miaka ya 1970. Kuna wataalamu wanaouliza kama wajenzi walikusudia jambo hilo hata kidogo. Mimi naona swali hilo haliwapunguzii Wamaya chochote. Majedwali ya Zuhura yangekuwepo hata kama nyoka angekuwa bahati tu.

Sisi tunaoishi karibu na ikweta hatupati nyoka. Nairobi, siku hizo za Machi, jua la saa sita husimama karibu utosini na kivuli chako kinajificha chini ya viatu. Yucatán hupata jambo hilo mwishoni mwa Mei na tena katikati ya Julai, majira ya mvua na mahindi. Mkulima hahitaji piramidi kuliona. Fimbo iliyosimama inatosha.

Mzee wetu alinifundisha neno moja: k'iin. Ni jua, na pia ni siku. Nikamwambia kwamba kwetu Kenya, katika Dholuo, chieng' nayo hubeba maana zote mbili. Alicheka sana. Kimaya cha Yucatán bado kinazungumzwa na watu zaidi ya laki saba, wakiwemo wale wanaouza vinyago kwenye njia za magofu, huku wageni wakipita na kuulizana Wamaya walipotelea wapi.