Mstari, Poligoni na Nukta: Jinsi Dini Ilivyochorwa Kaskazini Mashariki

Nimekuwa nikisoma kuhusu kazi ya watafiti wawili, Kenneth Dean na Zheng Zhenman, huko Putian, uwanda wa pwani katika mkoa wa Fujian nchini China. Walichunguza vijiji zaidi ya 700. Wakaandika mahekalu, miungu yake, koo za kijiji na sherehe zake, kisha wakaingiza yote kwenye mfumo wa ramani wa kompyuta. Kitabu chao cha juzuu mbili kilitoka mwaka 2010.

Ndugu msomaji, usidhani waliishia kupanda vidoto kwenye ramani. Walifuatilia pia maandamano ambayo miungu hupitishwa kijiji hadi kijiji, na wakaonyesha kwamba vijiji vilivyoungana kwa ibada vimefungamana pia na mifereji ya umwagiliaji. Ukitaka kulielewa hekalu, uliza maji yanatoka wapi na linashirikiana na nani.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, kwa hiyo swali lilikuja lenyewe: hapa kwetu Garissa je? Nilipoanza kuchimba nikakuta kwamba dini ya huku ilishachorwa kwenye ramani zamani. Waliochora hawakuwa na kompyuta. Walikuwa na serikali.

Kila aliyewahi kushika programu ya ramani anajua kuna maumbo matatu ya msingi: mstari, poligoni na nukta. Historia yetu imeyapitia yote, na kwa mpangilio huohuo.

Tuanze na mstari. Waingereza walitunga sheria ya wilaya za pembezoni mwaka 1902, na mwaka 1926 wakaifunga Northern Frontier District, yaani NFD: huingii wala hutoki bila kibali. Ndani yake wakachora mstari mwingine, Wasomali upande wa mashariki, na upande wa magharibi watu waliowaita "Galla", jina ambalo leo ni tusi kwa wasemaji wa Kioromo. Shabaha ilikuwa malisho na visima: Msomali na ngamia wake wasivuke. Lakini mstari ukishachorwa, watu huanza kuusoma kama mpaka wa kila kitu, dini ikiwemo. Ukweli ulikuwa mwingine. Waorma wa Tana walikuwa wakiingia katika Uislamu, na Waborana wengi wa upande wa Isiolo wakafuata. Msikiti ulikuwa pande zote mbili za mstari.

Ikaja poligoni. Mwaka 1962, uhuru ukikaribia, Uingereza iliteua tume ya watu wawili, G. C. M. Onyiuke wa Nigeria na Meja Jenerali M. P. Bogert wa Kanada, iwasikilize watu wa NFD: je, wanataka kubaki Kenya au kujiunga na Somalia? Tume ilizunguka wilaya zote sita, Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo, ikisikiliza watu kwenye mabaraza. Wasomali walitaka kuondoka. Waislamu wengi wasemao Kioromo walisimama nao. Wasio Waislamu, hasa upande wa Marsabit na Moyale, walitaka kubaki Kenya. Yaani maoni yalifuata dini kwa karibu kuliko yalivyofuata lugha, na ule mstari wa zamani ulikuwa umejengwa juu ya kabila na lugha.

Na serikali ikafanyaje? Machi 1963 Duncan Sandys, waziri wa makoloni, alitangaza mkoa wa saba ndani ya Kenya, Kaskazini Mashariki, wenye Garissa, Wajir na Mandera. Moyale, Marsabit na Isiolo zikaenda mkoa wa Mashariki. Waislamu wa Isiolo waliotaka kuondoka wakajikuta nje hata ya mkoa wenyewe. Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963, na kabla mwezi haujaisha hali ya hatari ikatangazwa Kaskazini Mashariki. Vita vya shifta viliendelea hadi 1967. Sheria za dharura za eneo hili ziliondolewa mwaka 1991.

Poligoni ina tabia moja mbaya: thamani moja hujaza eneo zima. Ukiandika "Mwislamu", rangi inaenea mpaka ukingoni. Wakati wa shifta thamani yenyewe ilikuwa "mshukiwa", na kila aliyekuwa ndani alipakwa rangi hiyo, awe amebeba bunduki au kibuyu cha maziwa.

Sensa nayo hufanya vivyo hivyo, ingawa kwa nia njema. Sensa ya 2019 ilihesabu Waislamu kama milioni 5.15 Kenya nzima, karibu asilimia 11. Garissa ni zaidi ya tisa kwa kumi. Hesabu za huku zina kesi zake: matokeo ya 2009 ya wilaya kadhaa za Mandera, Wajir na Garissa yalifutwa mwaka 2010, na ya 2019 yamebishaniwa mahakamani. Lakini hata takwimu zingekuwa safi kama maji ya mvua, rangi moja ingeficha mengi. Kuna jimbo Katoliki la Garissa tangu 1984, na mipaka yake inaingia hadi Tana River. Kuna Dadaab, kambi zilizofunguliwa kuanzia 1991, ambako si kila mkimbizi ni Msomali wala si kila mkimbizi ni Mwislamu.

Sasa tuko kwenye enzi ya nukta. Tangu OpenStreetMap ianze mwaka 2004, mtu yeyote mwenye GPS anaweza kuweka msikiti au kanisa kwenye ramani: lebo moja kwamba ni mahali pa ibada, nyingine inayotaja dini. Kwa mjini inafaa. Kwa nyika, hapana. Msikiti wa wafugaji mara nyingi ni mawe au matawi ya miiba yaliyopangwa chini, na duksi ni kivuli cha mti, mbao za kuandikia, wino wa makaa na mwalimu anayehama pamoja na familia. Mvua ikinyesha kwingine, shule nzima inaondoka. Setilaiti haioni kitu.

Kitu ambacho hakihami ni mwelekeo. Chukua kikokotoo: Garissa iko longitudo 39.65 mashariki, Makka 39.83. Kibla cha Garissa ni kaskazini kamili, tofauti haifiki hata nusu digrii. Mfugaji anayejua kaskazini iko wapi hahitaji programu yangu.

Lakini upungufu mkubwa wa nukta ni mwingine: haionyeshi nani anamlinda nani. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya mjini Garissa, la AIC na la Katoliki, yalishambuliwa wakati wa ibada, na watu wasiopungua 15 wakauawa. Baada ya hapo viongozi wa Kiislamu walisema vijana wao watalinda makanisa. Tarehe 2 Aprili 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa, washambuliaji waliwatenga Wakristo na Waislamu, na watu 148 wakauawa. Desemba mwaka huohuo, basi la kwenda Mandera liliposimamishwa karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi hapo na akafariki Januari 2016.

Wauaji walikuwa na ramani ya aina ya kwanza vichwani: mstari, huyu huku, yule kule. Abiria wale waliikataa. Hakuna lebo ya kuingiza jambo hilo kwenye nukta.

Ndiyo maana ningependa tuige Putian, tena kwa uangalifu. Hifadhidata ya dini Kaskazini Mashariki ihitaji jedwali la uhusiano kabla ya jedwali la mahali: mwalimu gani alisomesha duksi gani, familia gani hutumia kisima gani, msimu gani. Makanisa madogo ya watu wachache yasiwekwe hadharani na vipimo vyake kamili, kwa sababu data wazi husomwa na kila mtu, mwema na mbaya.

Na kama kuna mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, nampa ushauri mmoja. Huko China walianza na mifereji. Wewe anzia Wajir, kwenye visima, na uwaulize wazee nani hunywesha siku gani, na baada ya kunywesha husali na nani.