Paka wa Sepulveda na vichwa vya maveterani

Paka wale walinyimwa chakula kwa makusudi. Katika miaka ya 1960, kwenye maabara ya Sepulveda jijini Los Angeles, mtafiti Barry Sterman aliwafundisha kubonyeza kidude ili wapate chakula, kisha akawageuzia sharti: kukiwa na sauti fulani, wasubiri kwanza inyamaze. Paka anayesubiri hivyo hutulia tuli huku macho kodo. Waya zilizopachikwa kichwani zikaonyesha kwamba wakati ule ule sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo hutoa mawimbi ya umeme ya mizunguko 12 hadi 15 kwa sekunde. Je, paka anaweza kulipwa kwa wimbi lenyewe, bila kubonyeza chochote? Sterman akajaribu. Wimbi likitokea, paka anapata maziwa na mchuzi wa kuku. Haukupita muda mrefu, paka wakawa wanalitoa wanapotaka.

Habari hiyo ingeishia kwenye majarida ya wataalamu kama si mafuta ya roketi. Jeshi la anga la Marekani lilikuwa na wasiwasi na sumu ya haidrazini, kemikali iliyowapa wafanyakazi wake kichefuchefu na hata degedege, nalo likamtaka Sterman aipime kwa wanyama. Miongoni mwa paka waliochomwa sindano walikuwamo wale waliokwisha kunywa maziwa ya mafunzo. Hao degedege iliwajia kwa kuchelewa, au haikuwapata kabisa. Na paka, tukumbuke, hawawezi kuambiwa wakaamini kwamba watapona. Mwaka 1972 Sterman alichapisha habari za mwanamke wa miaka 23 mwenye kifafa, ambaye baada ya mafunzo kama hayo mishtuko yake ilipungua sana.

Mawimbi yenyewe yalikuwa yamejulikana zamani. Hans Berger wa Jena, Ujerumani, aliyanasa kwa binadamu mwaka 1924, akatangaza mwaka 1929. Alichokuwa akikitafuta hasa ni namna mawazo yanavyosafiri kutoka kwa mtu hadi kwa mtu: ujanani akiwa jeshini alianguka kutoka juu ya farasi na kunusurika kifo, na siku hiyo hiyo simu ya maandishi ikaja kutoka nyumbani, kwa kuwa dada yake alihisi amepatwa na baya. Hilo hakulipatia jibu. Alipata alfa, wimbi linalopanda mtu anapofumba macho na kutulia. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Joe Kamiya wa Chicago alionyesha kwamba mtu akiambiwa kila mara kama amekisia sawa, hujifunza kutambua alfa inapomjia kichwani mwake. Vijana wa San Francisco waliposikia, wakaifanya karibu dini.

Kiwewe cha vita kilingoja hadi 1980 ndipo wataalamu wa akili wa Marekani wakakiingiza kwenye orodha rasmi ya magonjwa, baada ya maveterani wa Vietnam kupiga kelele vya kutosha. Mafunzo ya mawimbi yakawafikia huko Fort Lyon, Colorado, ambako Eugene Peniston na Paul Kulkosky waliwalaza maveterani kwenye kiti cha kuegemea, macho yamefumbwa, elektrodi kisogoni. Kwanza walifundishwa kupasha mikono yao joto kwa kutuliza mwili. Kisha mlio mmoja uliwaashiria alfa, na mwingine theta, wimbi la polepole la mtu aliye kati ya usingizi na kuwa macho. Ilikuwa nusu saa kila kipindi, vipindi 30.

Matokeo ya 1991 yaliwashangaza wengi. Miezi 30 baadaye, wote 14 waliopata tiba ya kawaida hali ilikuwa imewarudia. Kati ya 15 wa mawimbi, ni 3 tu. Kwangu mimi hesabu hiyo ni tamu mno kwa watu 29. Nani ajuaye kilichosaidia, mlio, mikono yenye joto, au kule kuketi kimya mara 30 na mtu anayekujali? Hata hivyo kliniki nyingi zilijengwa juu yake.

Mwaka 2016 Bessel van der Kolk na wenzake wa Boston walichapisha jaribio la watu 52 wenye kiwewe sugu. Baada ya vipindi 24, robo na ushee tu ya waliofunzwa ndio walioendelea kuhesabiwa kuwa wagonjwa, dhidi ya zaidi ya theluthi mbili ya wenzao. Lakini wenzao hao walikuwa kwenye foleni, wakingoja zamu. Hawakuvalishwa waya na kupewa milio ya uongo, kipimo ambacho wakosoaji wanakidai hadi leo.

Machi 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu Prism, kifaa cha kampuni ya Israeli kinachokisia shughuli za amigdala, kitovu cha hofu, kupitia mawimbi ya juu ya kichwa. Mgonjwa hutazama watu wa katuni wenye fujo kwenye chumba cha kungojea hospitalini. Ishara yake ikishuka, nao huketi. Kibali kinasema kitumike pamoja na tiba ya kawaida, si badala yake. Mwaka huo huo, mwongozo wa idara ya maveterani na wizara ya ulinzi ya Marekani uliendelea kutanguliza tiba za mazungumzo. Kuhusu mafunzo ya mawimbi ulisema ushahidi hautoshi, si wa kuyapendekeza wala wa kuyakataa.