Chuma Kinachosamehe

Wacheza gofu husema kuna fimbo zinazosamehe na fimbo zisizosamehe. Inayosamehe ni ile ambayo ukiugonga mpira pembeni kidogo ya kitovu cha uso wake, mpira bado utaelekea karibu na ulikotaka. Isiyosamehe itakuadhibu papo hapo: mpira utachepuka, utaanguka kabla ya kufika, na vidole vitakufa ganzi kama umepiga jiwe. Kwa sehemu kubwa ya historia ya mchezo huu, fimbo za chuma zilikuwa za aina hii ya pili tu, na hakuna aliyeona hilo kuwa tatizo. Ukikosea, kosa ni lako.

Fimbo hizo zilifuliwa. Kipande cha chuma laini, chenye kaboni kidogo, kilitiwa motoni hadi kikawa chekundu, kikagongwa ndani ya kalibu, kisha kikasuguliwa kwa mkono. Kilichotoka ni bledi: bapa, nyembamba, uzito wote umekusanyika nyuma ya sehemu ndogo ya uso. Ukiipatia hapo, husikii kitu mkononi. Wanaozipenda huzungumzia hisia hiyo kama watu wanavyozungumzia chai ya nyumbani kwao.

Sisi wa Bonde la Ufa hatukuhitaji Mwingereza aje kutuonyesha chuma kinavyofuliwa. Wamaasai walikuwa na ilkunono, ukoo wa wahunzi waliotengeneza mikuki na sime. Wakikuyu walikuwa na aturi, waliochekecha mchanga wa mito kutafuta madini ya chuma na kuyayeyusha kwa mivukuto. Lakini mhunzi aliishi maisha ya ajabu. Mmaasai asiyekuwa wa ukoo huo hakuoa binti wa mhunzi, na kabla ya kupokea mkuki kutoka kwake alijipaka mafuta mikononi ili asichafuliwe. Kwa Wakikuyu, laana ya mhunzi iliogopwa kuliko ya wengi. Jamii nzima ilitegemea kazi ya mikono yake, na jamii hiyohiyo haikutaka kuketi naye.

Shikilia picha hiyo, kwa sababu gofu ilikuja na ya kwake.

Reli ilifika Naivasha mwaka 1900. Mwaka 1904 mkataba uliwaondoa Wamaasai kwenye malisho ya bonde hili, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini, ili ardhi iliyo karibu na reli iwe ya walowezi. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa 1906, Muthaiga ikafuata 1913, na walowezi wa huku juu nao wakajitengenezea viwanja vyao: Nakuru chini ya Menengai, Njoro, Gilgil, Naivasha. Mwafrika aliruhusiwa kuingia uwanjani kwa mlango mmoja, akiwa na begi la mwingine begani. Kedi alijua upepo, mteremko na umbali hadi kwenye shimo. Alijua ni chuma namba ngapi bwana anahitaji kabla bwana mwenyewe hajajua. Kucheza ndiko hakukuwa kwake.

Hata nyasi zilisafiri kwa heshima kuliko yeye. Nyasi zinazoitwa kikuyu duniani kote asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Zilipelekwa Afrika Kusini, Australia na Marekani, na leo wachezaji wakubwa wa dunia huzilalamikia pale Riviera na Torrey Pines, California, kwa sababu zinakamata shingo ya fimbo na kuipindua. Kwetu tunazifyeka na kuwapa ng'ombe.

Aliyebadilisha fimbo hakuwa bingwa. Karsten Solheim alizaliwa Bergen, Norway, mwaka 1911, akakulia Marekani, akawa fundi viatu kabla ya kuwa mhandisi wa General Electric. Alianza kucheza gofu akiwa na miaka 42, na kilichomsumbua ni kuuingiza mpira shimoni. Mwaka 1959 alitengeneza fimbo yake ya kwanza ya kusukumia, na mlio wake ndio uliozaa jina la kampuni: Ping.

Wazo lake ni rahisi. Chukua ufagio, ushike katikati ya mti wake, uuzungushe huku na huku. Sasa funga tofali kila ncha ujaribu tena. Unakataa kuzunguka, sivyo? Solheim alitoa uzito katikati ya kichwa cha fimbo akaupeleka kingoni. Mpira ukigongwa karibu na ncha au kisigino, kichwa hakipinduki sana, na nguvu nyingi inabaki njiani. Umbo kama hilo lilikuwa gumu kulipata kwa nyundo, kwa hiyo alimimina chuma kilichoyeyushwa kwenye kalibu. Vyuma vyake vya Eye2 vya mwaka 1982 vilienea duniani kote, na vilikuwa na sura mbaya kweli. Watu wa bledi waliviita fimbo za wasiojua. Kufua kukawa ishara ya ustadi, kumimina kukawa ishara ya udhaifu.

Ubishi huo ulikuwa na nusu ya ukweli tu. Kusamehe kunatokana na umbo, yaani uzito umekaa wapi, unyayo wa fimbo ni mpana kiasi gani, uso una ukubwa gani. Kufua kunahusu chuma chenyewe na namna kilivyopata umbo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Ben Hogan ilitoa Edge, vyuma vilivyofuliwa ambavyo mgongo wake umechimbwa na uzito kusukumwa kingoni. Leo kampuni nyingi, Mizuno wakiwemo, wana seti kama hizo. Si lazima tena uchague kati ya hisia na msamaha.

Mambo haya yalinijia mwaka huu kwa sababu ya binamu yangu, ambaye ni kedi. Yeye, kama makedi wengi nchini, alijifunza kwa vyuma vya kurithi: mwanachama akinunua seti mpya, ile ya zamani humwangukia anayembebea. Ndiyo maana watu wenye muda mchache zaidi wa mazoezi, wanaocheza siku ambayo wenyewe hawapo, mara nyingi ndio wanaoshika bledi kuukuu. Mwenye pesa anasamehewa na fimbo yake. Kedi hasamehewi na yeyote.

Alikuwa ameweka akiba ya seti ya mtumba, na akiba hiyo ilikuwa imeshanusurika mara moja. Ziwa Naivasha liliingia Kihoto mwaka 2020, watu wakatoka na magodoro kichwani. Mwishoni mwa 2025 likaingia tena, nyumba zikabaki mabati tu juu ya maji. Pesa iliyobaki baada ya kuhama na kulipa kodi kwingine haikuwa ya mchezo. Ilikuwa ya jaribio moja la kupata viwango vya kucheza kwa malipo.

Alitaka bledi. Seti nzuri, imefuliwa, bei sawa.

"Cuzo, sitaki fimbo za kusamehewa," aliniambia. "Nataka watu wakiona begi wajue najua."

Nikamtajia Seve Ballesteros. Naye alikuwa kedi, kijijini Pedreña, Uhispania, na alijifunza ufukweni kwa chuma kimoja kikuukuu, namba 3. Mwaka 1978 alikuja Nairobi akashinda Kenya Open. Binamu yangu akacheka: "Si unaona? Alijifunza na chuma kibaya!" Ndiyo, nikamwambia, lakini hakukichagua. Alipewa.

Tukakaa chini tukapima mambo yanayopimika. Huku tuko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi hupeleka mpira mbali zaidi na kupunguza kuchepuka kwake, kwa hiyo hakuhitaji fimbo ya kumwongezea umbali. Nyasi zetu zinakamata, kwa hiyo unyayo mpana kiasi ungemsaidia kupita. Chuma laini kilichofuliwa kinaweza kukunjwa na fundi ili pembe yake ilingane na kimo cha mchezaji. Vyuma vingi vya kumimina ni vigumu kukunja, vingine hupasuka. Kwa mtu wa mtumba, hiyo ni faida halisi. Na tuligundua kwamba maandishi ya mgongoni hayatoshi: kuna fimbo ambazo uso tu ndio umefuliwa, na mwili wote ni wa kumimina. Unauliza. Unakagua mifereji ya uso kama imelika. Unatazama kama mipini yote ni ya aina moja.

Akachukua seti ya kufuliwa yenye mgongo uliochimbwa, namba 5 hadi weji. Hakusema nimemshawishi. Alisema mpini ndio ulimpendeza.

Kwa Kikuyu, kihooto ni haki, na pia ni hoja inayomfanya mtu akubali bila kulazimishwa. Sijui kama tulishindana kwa hoja siku ile au kwa bei. Ninachojua ni kwamba wahunzi walinyimwa mkono, makedi wakanyimwa mchezo, na bado kuna kijana anayeamini kwamba heshima inapatikana kwa kushika chombo kigumu zaidi. Seti yake sasa iko juu ya kabati, chumba cha kupanga, mbali na maji. Jumatatu huishusha.